Jirani Mwenye Glasi ya Maji

Kwenye filamu mimi ni jirani. Naingia na glasi ya maji, nasema, "Pole, mdogo wangu," kisha natoka. Basi, nimekwisha. Nilijitambua kwa sababu yule muigizaji aliingia na pini mbili kazibana mdomoni, kama ninavyokaa mimi karakanani, maana mimi ni fundi wa makochi na siku nzima mdomo wangu una pini kuliko maneno. Sasa mtu mwenye pini mdomoni anasemaje "pole"? Lakini ndiyo sinema, utamuuliza nani.

Kilichoniuma si glasi, kilichoniuma ni mlango. Filamu nzima ni kesi ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda mpaka leo na ukubwa wake wote. Bosi wake, mwenye kiwanda cha uchapaji, alimbaka ofisini baada ya wenzake kutoka kazini. Kitinda akampeleka mahakamani, akashinda, Mchapaji akafungwa. Watu wa filamu wakaja na daftari zao na kamera zao, na siku ya kuizindua tukakalishwa safu ya mbele, mimi na Mama na Kitinda na Mjomba. Taa zikazimwa. Ikafika ile jioni Kitinda aliporudi nyumbani, akagonga mlango, na aliyefungua ni nani? Mjomba! Mjomba ambaye jioni ile hakuwepo hata mtaani. Mlango ule niliufungua mimi.

Nikakodoa macho gizani mule. Mjomba wa kwenye filamu kapewa muigizaji mrefu, ndevu, sauti nzito, mashavu ya huruma. Akamshika Kitinda mabega. Akamwambia asioge. Akalitia gauni lake kwenye mfuko wa karatasi, akampeleka hospitali, akabishana na polisi wa zamu, akalala kwenye benchi la mapokezi. Kila nilichokifanya kwa mikono yangu hii yenye sugu, yule mwanaume alikifanya kwa mikono laini, na ukumbi mzima ukalia. Mama akalia. Nilipotokea mimi na glasi yangu, bibi mmoja nyuma yetu alikuwa anapenga kamasi, sidhani hata aliniona.

Taa zilipowashwa watu wakasimama kupiga makofi. Kitinda akakumbatiwa na wanawake asiowajua, mmoja akampigia magoti. Kisha mwongozaji wa filamu akamwita Mjomba mbele, akamtambulisha kama mwanaume aliyesimama na familia yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mjomba akakamata maikrofoni akaeleza jinsi roho ilivyomuuma alipoufungua mlango ule. Jamani! Alikuwa safarini, alirudi wiki iliyofuata na begi lake la nguo chafu.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza Kitinda imekuwaje. Akaniambia mwongozaji alihesabu wahusika akaona wanaume wote kwenye filamu ni wabaya au ni wazembe, akaogopa watazamaji wa kiume watainuka watoke. Akasema nyumba ile inahitaji mwanaume mmoja mwema. Siku walipokuja kutuhoji mimi nilikuwa namalizia seti ya makochi ya mteja, na Mjomba ndiye aliyekaa sebuleni na watu wale kutwa akiwasimulia. Hivyo ndivyo alivyoipata kazi. "Ni sinema tu, Dada," Kitinda akaniambia. "Usinune." Nikanuna. Nilinuna wiki nzima, na mimi nikinuna hata mbwa wa jirani huzunguka kwa nyuma.

Naona gere, nisijifiche. Na kabla hujaniuliza utamwoneaje gere msichana aliyefikwa na lile, nikujibu: sikumwonea kwa lile. Nilimwonea kwa yaliyofuata. Aliposema, aliaminiwa. Alipolia, watu walikaa naye. Daktari aliandika, polisi aliandika, hakimu aliandika, na mtu mzima mwenye kiwanda chake akasimama kizimbani akijifuta jasho kwa sababu yake. Kisha dunia ikaona bado haitoshi, ikamtengenezea na sinema. Wako watu wanaomwonea mwenzao kijicho kwa nyumba, au kwa mume. Mimi nilimwonea mdogo wangu kwa kusikilizwa, na usiku nilikuwa nageuka kitandani.

Sasa nieleze ile jioni yenyewe, maana kesi yote iliningojea hapo.

Nilisikia mlango unagongwa polepole. Nikafungua. Kitinda alikuwa amesimama na viatu mkononi. Akasema, "Dada, amenivunjia heshima." Hakuongeza kitu.

Kwa watu wengine hayo ni maneno mepesi. Mtoto akimjibu mkubwa wake, kamvunjia heshima. Kwetu sivyo. Kwetu ukitukanwa unasema umetukanwa, ukisukumwa unasema umesukumwa, na Mama wala hapepesi macho. Lakini mwanamke wa nyumba yetu akisema mwanaume amemvunjia heshima, akakomea hapo, anasema lile moja. Bibi mzaa mama alilisema hivyo, Mama akalirithi. Lile neno jingine, la mahakamani, Mama akilisikia redioni huizima redio. Kwa hiyo nilimwelewa Kitinda kabla hajavuka kizingiti. Alikuwa anaelekea bafuni, nikamshika mkono nikamzuia. Nikamwambia asioge, asijifute, avue gauni asimame juu ya shuka. Mengine umeshayaona kwenye filamu, isipokuwa utoe ndevu.

Kwenye kesi ya kwanza nilisimama nikaulizwa, "Alikuambia nini?" Nikajibu, "Aliniambia amebakwa." Sikudanganya, wala haikunijia kwamba nadanganya. Nilimpa hakimu maana, kama mtu anayeulizwa na mgeni akamfasiria. Kitinda naye alihojiwa juu ya yaliyotokea ofisini, kuhusu mlangoni hakuna aliyemwuliza. Ikapita hivyo.

Nisingenuna, ingeendelea kupita. Kumbe Kitinda kununa kwangu kulimkaa. Alipoalikwa redioni kuizungumzia filamu, mtangazaji akamwuliza kama ni kweli alipofunguliwa mlango alimwambia mjomba wake, "Nimebakwa." Mtoto wa watu akaona hapo ndipo pa kunirudishia haki yangu. Akasema, "Hapana, aliyefungua ni dada yangu, watu wajue, ni dada yangu aliyefanya yote. Na wala sikusema hivyo. Nilisema, 'Dada, amenivunjia heshima.'"

Nilikuwa karakanani nimefungulia redio, nabana kitambaa kwenye mkono wa kochi. Nilifurahi mpaka nikajichoma pini. Nikawaambia wateja wawili, mmesikia? Huyo dada anayetajwa ni mimi. Nilitembea kifua mbele siku hiyo, mpumbavu mimi.

Wakili wa Mchapaji naye alikuwa anasikiliza redio. Rufaa yao ilikuwa bado inangoja, na Mchapaji tangu mwanzo hakukana kwamba kulikuwa na jambo ofisini mle. Alichokana ni nguvu. Alidai walikubaliana. Sasa wakili akapata chake: mlalamikaji mwenyewe anasema alilalamika kuvunjiwa heshima tu, huenda ni kwa neno baya la bosi, na dada mtu ndiye aliyekuja kutia chumvi mbele ya mahakama. Mahakama ya juu ikaamua kesi irudi isikilizwe upya. Mchapaji akatoka kwa dhamana. Kitinda alikutana naye uso kwa uso benki, yuko kwenye foleni, kavaa suti, akamsalimia kwa jina lake la nyumbani. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakutoka peke yake, na kula ikawa kwa kubembelezwa.

Mwendesha mashtaka safari hii alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkoba wake ulimzidi. Aliniita ofisini kwake akanieleza bila kuzunguka. Ya hospitali yanaonyesha tendo, hayaonyeshi kama alikubali. Kinachoonyesha ni neno la kwanza alilolisema kwa mtu wa kwanza, na mtu wa kwanza ni mimi. Akaniuliza nilijuaje neno lile lina maana ile. Nikamjibu ndivyo tusemavyo nyumbani. Akatikisa kichwa. Akasema wakili atalimenya jibu hilo kama karanga, ataniuliza nani mwingine nyumbani kwetu aliwahi kulisema, lini, kwa jambo gani. Mama angeweza kuja kueleza, lakini Mama alishakataa, presha. "Yupo mwingine?" akaniuliza. Nikamwambia nitafikiri. Akanitazama sana, kisha akanipa kadi yake.

Mama akaja karakanani kesho yake. Mama haji karakanani, gundi inampa kizunguzungu. Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, juu ya sponji tupu, mkoba magotini.

"Utasema nini huko?" akaniuliza.

"Nitaulizwa nilijuaje."

"Sema ndivyo tusemavyo nyumbani, uteremke."

"Wataniuliza nani mwingine alilisema, Mama."

Wote wawili tulikuwa tunamjua. Nilikuwa bado nasoma. Kitinda alikuwa hajaanza hata kutembea, alikuwa mgongoni kwa Mama jikoni. Nilisimama mlangoni pa jiko nikasema, "Mama, amenivunjia heshima," nikamtaja nani. Mama alifunga dirisha kwanza. Kisha akachemsha maji, akanipeleka bafuni, akaniogesha kwa mikono yake tangu kichwani mpaka miguuni, mimi na umri wangu ule, akanisugua na sabuni ya kufulia. Akaniambia funika kombe mwanaharamu apite. Kombe nikalifunika. Mwanaharamu hakupita, alibaki akila mezani petu, na mimi namwekea chumvi.

Ndiyo maana nilijua kumwambia Kitinda asioge. Aliyeoga ndiye anayejua.

"Kitinda hajui kitu," Mama akasema. "Ana lake limemwelemea. Usimvunjie na nyumba."

"Mimi nilivunjiwa nini, Mama?"

Akauchezea uzi uliotokeza kwenye sponji, akauvuta, ukawa mrefu. "Wewe ulikuwa na nguvu," akasema. "Yeye hana."

Mh! Basi hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu yangu. Kitinda kapata hospitali na hakimu, mimi nikapata sifa ya nguvu. Nilimwambia Mama anyanyuke, nataka kupima kitambaa cha kochi lile. Akaondoka bila kuaga, na mimi sikumsindikiza.

Nitasema na hili, ukinihukumu nihukumu. Zile siku za kungoja, lilinipitia wazo kwamba naweza kusema sijui. Maneno mawili tu: sikumwelewa. Nikisema hivyo hakuna anayenidai kitu, Mama atalala, Mchapaji ataenda zake, na Kitinda atarudi nyumbani mikono mitupu kama nilivyorudi mimi. Tutafanana. Nililitamani hilo, wallahi nililitamani, kama mtu mwenye njaa anavyotamani chakula cha mwenzake hata kama kitamwagika. Kisha nikawa namwona pale kwenye foleni ya benki, anasalimiwa kwa jina la nyumbani, na tamaa inanitumbukia nyongo.

Siku ya kesi Mjomba alikuja na magari mawili. Ndivyo alivyo tangu Baba yetu afariki, yeye ndiye mdogo wake Mama na yeye ndiye wa kutusimamia, arusi ni yeye, msiba ni yeye. Tangu filamu itoke alikuwa amenenepa kwa salamu. Askari wa getini alimkaribisha, "Mjomba wa sinema huyo!" na Mjomba akacheka akampa mkono. Alivaa koti jipya. Alimshika Kitinda kiwiko ngazi zote mpaka juu, akitupangia nani akae wapi, na Kitinda akamwegemea. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba chupa za maji. Mtu akitaka kucheka hapo acheke.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko cha kwenye filamu. Feni moja, mabenchi yaliyotaka kupigwa msasa, karani anapiga chafya. Watu wa nje walitolewa, wakabaki ndugu wa karibu. Hakimu alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni moja utosini. Kitinda alitoa ushahidi wake kwanza, sauti imekauka, akaulizwa la mlangoni akalisema kama alivyolisema redioni. Aliposhuka akaenda kukaa safu ya pili, Mama kulia kwake, Mjomba kushoto, mkono wa Mjomba umepita mabegani mwake. Nikaitwa mimi.

Niliapa. Mwendesha mashtaka akaniuliza ya mlangoni, nikajibu safari hii kwa neno lenyewe. Akaniuliza nililielewaje. Nikasema nilielewa amebakwa. Akaketi akamwachia wakili.

Wakili wa Mchapaji alikuwa na sauti tamu, ya mtu anayekuuzia pazia. Aliniuliza kama mimi ni mtaalamu wa lugha. Nikasema mimi ni fundi wa makochi. Akaniuliza, mteja akimwambia fundi "umenivunjia heshima" kwa kuchelewesha kochi, fundi amembaka? Mchapaji akatabasamu. Nikasema hapana. Akasema basi neno hili linabeba mambo mengi. Nikasema mtaani ndiyo, kwetu linabeba moja.

"Kwetu ni wapi? Ni wewe na mdogo wako tu?"

"Ni nyumba yetu."

"Kuna mtu mwingine wa nyumba hiyo aliyewahi kulitumia kwa maana hiyo unayotuambia leo? Mwingine yeyote, shahidi. Nakupa nafasi."

Nikamtazama Mama. Mama alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayekataa kuongezwa chai. Nikamtazama Kitinda. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa ananingoja mimi, ananingoja kama alivyoningoja mlangoni na viatu mkononi. Gere yote niliyokuwa nayo ikanipanda kooni, na safari hii nikaona sina haja ya kuimeza.

"Yupo," nikasema. "Ni mimi."

Wakili alikuwa ameshageuza ukurasa. Akaurudisha. Akaniuliza nililisema lini. Nikasema nikiwa mwanafunzi. Akaniuliza kwa nani. Nikasema kwa mama yangu. Naona alidhani nimeitunga hapohapo, maana akatabasamu tena, akamgeukia hakimu kidogo kabla ya kunirudia.

"Na huyo mwanaume aliyekuvunjia wewe heshima, naye ana jina? Au huyo ni wa hadithi?"

"Ana jina," nikasema. "Ni mjomba wangu. Yule pale, aliyemwekea mdogo wangu mkono begani."

Karani aliacha kuandika. Mjomba akacheka, kicheko kile cha getini, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Akasimama, akaanza kusema kwamba mimi nina wivu, kwamba tangu filamu itoke nina wivu na familia nzima inajua, muulizeni mama yake. Hakimu akamwambia aketi. Akasema tena, muulizeni mama yake. Watu wakamtazama Mama. Mama alikuwa ameufunika uso wake wote kwa viganja viwili, na hakumsaidia.

Ni kweli, nina wivu. Alisema kweli hapo, peke yake.

Wakili akasema hana swali zaidi. Mwendesha mashtaka akainuka, akaomba kuniuliza mawili tu.

"Ulipomwambia mama yako maneno hayo, alifanya nini?"

"Alinichemshia maji akaniogesha."

"Na mdogo wako alipokuambia wewe maneno hayohayo, ulifanya nini?"

"Nilimwambia asioge."

Hakimu akaivua miwani ya machoni, akaitafuta ya utosini kwa mkono kama mtu aliyesahau iko wapi. Mchapaji hakuwa anatabasamu tena, alikuwa anamnong'oneza wakili wake sikioni, na wakili anakusanya karatasi zake bila kumsikiliza. Hakimu akainamia kitabu chake akaandika, kwa muda mrefu, kalamu inasikika. Kisha akaniambia kwamba hili langu ni shauri jingine na nina haki ya kulileta, akamwagiza karani anielekeze chumba cha kwenda nikishashuka.

Sikushuka kwanza. Nikashika ubao wa kizimba nikamtafuta Kitinda kwa macho. Nilijua nimemvunjia nyumba, kama Mama alivyosema. Nilijua pia nimemwokolea kesi yake, na sikujua ataanza na lipi. Alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameusukuma ule mkono begani mwake akapita mbele ya Mama, anakuja, askari anamwambia arudi akae, hamsikii. Alikuja mpaka chini ya kizimba akanikamata vidole. Alikuwa analia kwa sauti mbele ya hakimu, na analia kwa ajili yangu.